Ukiomba Ombi la Kiwanja Liahirishwe, Taja Kikao

Niliwahi kuwa diwani wa kata moja ya mwambao wa ziwa hapa Mwanza, na muda wote huo nilikuwa mjumbe wa Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ambako maombi ya kubadili matumizi ya viwanja hujadiliwa kabla ya kufika Baraza la Madiwani. Hadi leo wakazi huniuliza namna ya kuzuia kwa muda ombi wanaloona limeharakishwa. Huwajibu kwamba kuahirisha ni kwepesi kuliko wanavyodhani. Kigumu ni kuahirisha kwa namna itakayowafaa.

Mara ya kwanza nilikosea mwenyewe. Ombi lilitaka kiwanja cha makazi kigeuzwe kituo cha mafuta, hatua chache kutoka mwalo ambapo akina mama wa kata yangu huanika dagaa. Nilisimama nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kutoa hoja kwamba jambo hili liahirishwe hadi tutakapojiridhisha," wajumbe wakaafiki, nami nikarudi nyumbani nikipongezwa. Hakuna aliyeuliza tujiridhishe kwa lipi, nani alete taarifa, wala lini. Katika vikao viwili vilivyofuata, kwenye yatokanayo, paliandikwa "linafanyiwa kazi" na basi. Kisha nikaenda msibani Ukerewe, na siku hiyo hiyo ombi likarudi na kupitishwa kabla chai haijaletwa. Nilipousoma muhtasari sikuona kanuni iliyovunjwa, kwa sababu hoja yangu ndiyo iliyoacha mlango wazi.

Miaka miwili baadaye lilikuja ombi la hoteli ndogo, nalo karibu na maji. Safari hii niliomba liahirishwe hadi kikao kijacho cha kawaida, si zaidi ya hapo, ili Afisa Mipango Miji apime umbali kutoka ukingo wa maji hadi msingi uliochorwa, kwa kuwa kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Nikamwomba katibu atusomee maneno aliyoyaandika, jambo lililowaudhi baadhi ya wenzangu waliokuwa na njaa. Kumbe mchoro ulichorwa kabla ya mwaka 2020, mwaka ambao Ziwa Victoria lilipanda hadi kumeza bustani na vibanda vya watu, na ukingo uliooneshwa kwenye karatasi haukuwa ule tulioukuta tulipokwenda na utepe wa kupimia. Mwombaji, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alirudisha jengo nyuma, na kikao kilichofuata kikamkubalia.

Nasisitiza kikao kijacho kwa sababu Baraza kwa kawaida hukutana kila robo mwaka, hivyo kuahirisha mara moja tu ni kumweka mwombaji miezi mitatu huku mkopo wake benki ukiendelea kuzaa riba. Anayeahirisha bila kutaja kazi ya kufanywa ndani ya miezi hiyo hatofautiani sana na yule anayekalia faili akisubiri atafutwe pembeni, na wajumbe wazoefu humtambua upesi. Vivyo hivyo siwashauri madiwani kutoka ukumbini ili akidi ivunjike: kikao kitaitishwa upya, agenda itarudi ilivyokuwa, na sababu zenu hazitaonekana popote katika muhtasari. (Jihadharini pia na miongozo ya vikao ya Marekani inayosambazwa mitandaoni. Huko kuweka hoja mezani ni kuisimamisha kwa muda, ilhali kwetu kuwasilisha jambo mezani ni kulileta lijadiliwe.)

Mkazi asiye diwani anaweza kuingia kusikiliza mkutano wa Baraza, lakini hana nafasi ya kutoa hoja, na ombi likishafika hapo likiwa na pendekezo la kamati, kulirudisha nyuma ni kazi kubwa. Kwa hiyo mfuateni diwani wenu wakati jambo bado liko kwenye kamati, na ikiwezekana kabla makabrasha hayajagawiwa, kwa maana mjumbe aliyekwisha kusoma mapendekezo ya wataalamu huja na msimamo wake. Msimpelekee malalamiko ya jumla kwamba wananchi hawataki. Mpeni karatasi moja iliyopitia ofisi ya mtaa, yenye namba ya kiwanja, jambo moja linaloweza kupimwa au kukaguliwa, na mtaalamu anayepaswa kulikagua. Akina mama wa dagaa waliponiletea yao kuhusu hoteli, walikuwa wamehesabu hatua kutoka majini hadi kwenye vigingi, wakaziandika kwa penseli pembeni, nami nilisimama nayo mkononi nilipoomba kutoa hoja.