Lenzi ya kwanza: mnaulizia kuvuta, shida ni mwanga

Ujumbe umejaa tena, na kama kawaida nusu yake ni swali moja lililovaa nguo tofauti: lenzi gani ya kamera inavuta sana vitu vya mbali? Sijui nani aliwaloga watu wa Dodoma na kuvuta. Labda ni kwa sababu nchi yetu ni tambarare na macho yamezoea kuona mbali. Nimechagua maswali machache, mengine nimeyaacha kwa makusudi.

*Kaka, nina laki tatu, nichukue lenzi gani? (Nzuguni)*

Ya kamera gani? Ya kupiga nini? Ukienda duka la spea husemi "nipe plagi" bila kutaja gari. Soma jina lililo usoni mwa kamera yako, Canon 2000D, Nikon D3500, chochote kile, uniandikie pamoja na unachopiga. Wasiofanya hivyo nawaruka, na msiniite nina maringo.

*Niko UDOM, mwaka wa pili. Nina Canon 2000D na lenzi yake ya 18-55. Jamaa anauza 75-300 kwa bei nzuri. Nichukue nianze kupiga mahafali?*

Bei ni nzuri kwa sababu yeye mwenyewe imemshinda. Hiyo 75-300 ya Canon (ni milimita: namba kubwa inavuta mbali, ndogo inaona upana) huwa inafungwa kwenye boksi moja na kamera ya mwanzo ili mnunuzi aone amepata viwili. Haina kituliza mtikisiko. Ukiivuta hadi 300 unahitaji kasi ya shata, yaani muda kamera inaofumbua jicho, kama 1/500 ya sekunde ili mkono wako usionekane kwenye picha, na kwa tundu la mwanga la f/5.6 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) kasi hiyo utaipata saa saba mchana tu, jua likiwa utosini na kila mhitimu ana vivuli vyeusi machoni chini ya ile kofia yake. Tena haishiki fokasi chini ya mita moja na nusu. Mzazi akikuambia "tupige sote kumi na wawili", wewe na 75 yako mtarudi nyuma hadi geti la chuo.

Kama siku moja utahitaji kweli kufika mbali, kwa mpira wa uwanjani au ndege wa Bahi, tafuta 55-250 IS STM. Hizo herufi IS ndizo kituliza mtikisiko. Hata hiyo 18-55 uliyonayo, isome pembeni: kama imeandikwa III tu bila IS, basi nayo haina, na inabidi ujifunze kubana viwiko.

Lakini sijasema ununue chochote. Chukua selotepu, ibandike juu ya pete ya hiyo 18-55 ikiwa kwenye 35, usiiguse kwa wiki nzima. Nenda Nyerere Square asubuhi, nenda soko la Majengo, piga mwenzako hosteli. Wiki ya pili ihamishie 50. Mwisho wa wiki mbili utajua miguu yako inapenda kusimama wapi, na hilo hakuna muuzaji anayeweza kukuambia. Watu wanadharau lenzi iliyokuja na kamera kama wali wa jana. Hiyo unayoidharau inashika fokasi kwenye sentimita 25; kichala cha zabibu kinajaa picha nzima bila kununua kitu.

*Napiga sendofu na harusi ndogo ndogo hapa mjini. Nina Nikon D3500 na 18-55. Ukumbini usiku picha zote zina ukungu. Kuna mtu ananipa 50mm f/1.8D. Itanisaidia? (Area C)*

Hapa sasa tunaongea. Umetaja kamera, umetaja kazi, umetaja tatizo, na tatizo lako si umbali, ni mwanga.

Tuanze na hiyo D. Kamera yako haina mota ya fokasi ndani. Lenzi za Nikon za AF na AF-D zinategemea mota iliyomo kwenye kamera, kama ilivyo kwa D7100 au D7200. Kwenye D3500, D5600 na ndugu zao utazungusha pete kwa mkono, bibi harusi anaingia anacheza, MC anapiga kelele, mjomba kasimama mbele yako na simu. Usiinunue. Tafuta iliyoandikwa AF-S, hiyo ina mota yake ndani, na kwa kazi yako ninayoipendekeza ni 35mm f/1.8G ya DX, herufi za Nikon kwa kamera za aina yako.

Kwa nini? Lenzi yako ya sasa ukiiweka kwenye 35, tundu lake kubwa kabisa ni karibu f/4.5. Kutoka hapo hadi f/1.8 unaingiza mwanga zaidi ya mara sita. Palipokuwa na kasi ya 1/20, ambapo hata mtu anayepumua anatoka na ukungu, sasa unapata 1/125, na anayecheza taratibu anatulia. Ndiyo maana namba ndogo baada ya f ina thamani kuliko namba kubwa kabla ya mm, na ndiyo maana nachoka kuulizwa habari ya kuvuta.

Ila usije ukasema sikukuambia: ukifungua f/1.8 ukiwa karibu, bibi harusi atatoka safi na mpambe wake aliyekaa nusu hatua nyuma atatoka ukungu, halafu ugomvi wa familia utakuwa juu yako. Watu wawili weka f/2.8, safu ya wazazi f/4 na uwashe flashi. Flashi yenyewe ielekeze darini kama dari ni jeupe na liko chini. Kumbi zetu nyingi sasa zimefunikwa vitambaa vya zambarau na dhahabu hadi juu. Ukipiga flashi kule, nyuso zote zinarudi na rangi ya kitambaa. Wapambaji, mnatuua. Fika saa moja kabla, piga picha mbili tatu za majaribio, ndipo uamue.

Na chukua malipo ya awali. Hukuuliza, lakini nimesema.

*Lenzi ya 18-300 si itamaliza mambo yote? (Mpwapwa)*

Itamaliza hela. Ni suruali iliyoshonwa imtoshe baba na mtoto.

*Nimenunua 50mm f/1.8 STM ya Canon kama ulivyoshauri, lakini sebuleni kwangu haienei, nakata watu vichwa. Umenidanganya?*

Nilishauri kwa picha za mtu mmoja mmoja. Sensa ya kamera yako, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, kwa hiyo kwenye Canon zidisha kwa 1.6 na kwenye Nikon kwa 1.5 ukitaka kujua inavyoona. Hamsini yako inaona kama 80. Nje, chini ya mbuyu, kwa sura ya mtu, hutajuta. Sebuleni, rudisha 18-55. Ukitaka ndogo ya kubaki kwenye kamera siku zote, ipo 24mm f/2.8 STM, nyembamba kama andazi lililokaliwa.

*Mwalimu wa sekondari, Kondoa. Napeleka wanafunzi Kolo kuona michoro ya miambani. Ninunue lenzi pana ya 10-18?*

Kwa safari moja, hapana, mwalimu. Milimita 18 zinatosha kwa mwamba wenyewe, na michoro utaisogelea. Lenzi pana sana inawadanganya wengi: inaingiza kila kitu halafu kila kitu kinakuwa kidogo, na mwanafunzi wa pembeni anatoka na kichwa kama papai. Inataka mtu anayejua kuweka kitu karibu mbele yake. Ukishapiga mwaka mzima na kila mara unagonga 18 unatamani zaidi, hapo uinunue.

Kule usitumie flashi. Ukiacha suala la kuhifadhi, flashi ya usoni inafuta hata kile kidogo kinachoonekana. Rangi zile nyekundu zimefifia na zinataka mwanga wa pembeni na utulivu. Beba stendi ya kamera ya miguu mitatu, weka ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 100, shata hata sekunde nzima, na kamera ikiwa kwenye stendi zima kituliza mtikisiko, maana chenyewe kinaweza kuanza kutafuta mtikisiko usiokuwepo. Na mtoto yeyote asimwagie maji mchoro ili ung'ae. Mtindo huo ulikuwepo na umeharibu mengi. Eneo lile liko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006; pitieni ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo kwanza, mchukue mwongozaji.

*Vumbi la Dodoma linaua lenzi. Filta ya UV inasaidia? Na lenzi ya mtumba kutoka Dar ni salama?*

Vumbi kwenye kioo cha mbele ni doa tu, linapulizwa kwa mpira wa kupulizia, siyo kwa mdomo wenye mate. Vumbi baya ni lile linaloingia nyuma, kwenye sensa, wakati unabadilisha lenzi. Mimi mwenyewe nilibadilisha nyuma ya pikapu barabara ya Manyoni, mwezi wa nane, upepo unavuma, kwa haraka ya kijana. Wiki mbili kila anga nililopiga lilikuwa na nukta saba mahali palepale. Zima kamera, ingia ndani ya gari, funga vioo, elekeza mdomo wa kamera chini, badilisha. Hii nayo ni sababu ya kutokuwa na lenzi nne.

Filta, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi, ikiwa ya bei ya karanga inaongeza mng'ao na vivuli vya taa, hasa usiku. Nunua hudi, ile kofia ya mbele ya lenzi. Inazuia jua la pembeni, na kamera ikigonga meza inaumia hudi kwanza.

Mtumba wa pwani si mbaya, lakini pwani kuna unyevu na unyevu unaotesha kuvu ndani ya vioo. Fungua vifuniko vyote viwili, pitisha tochi ya simu kutoka nyuma, tazama kutoka mbele kwa mshazari. Ukiona utando kama wa buibui au unyoya mwembamba, mrudishie mwenyewe hata akilia. Vumbi kidogo ndani halina neno. Zungusha pete zote, sikiliza kama kuna mchanga, kisha ifunge kwenye kamera YAKO upige pale pale. Anayekataa usiijaribu anajua kitu.

*Nasikia kamera zenye kioo ndani zimepitwa na wakati. Nisubiri? (Singida)*

Kusubiri nini, wakati watu wanaohama wanauza lenzi zao kwa bei ya kutupa? Canon walianza mdomo wa EF, pale lenzi inapofungwa, mwaka 1987. Hesabu mwenyewe ni lenzi ngapi zimemwagika duniani. Na siku ukihamia kamera mpya zisizo na kioo, zenye mdomo wa RF, lenzi zako za EF na EF-S zinakwenda nazo kwa adapta. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya RF haifungi kwenye kamera kama 2000D, na kuna wauzaji watakaokuambia inafunga.

*Mwanangu, mjukuu wangu huyu amemaliza kidato cha sita. Ana Nikon D3100 aliyoachiwa na kaka yake. Nataka kumnunulia lenzi kimyakimya, imshtue. Nichukue ipi?*

Shikamoo mama. Nakuomba usinunue kimyakimya. D3100 ni ya zamani kidogo na ina masharti: zile za D haziipi fokasi, nilishasema juu, na hizi mpya za AF-P hazielewani nayo kabisa. Inataka AF-S tu, na kwenye rafu herufi hizo zinafanana.

Mwambie akuonyeshe picha kumi anazozipenda mwenyewe, na kwa kila moja afungue taarifa zake kwenye kioo cha kamera. Andika kwenye karatasi namba yenye mm na ile ya ISO. Zikiwa nyingi ni 18, hana haja ya kuvuta hata muuzaji akiapa. Zikiwa za ndani, watu, ISO 1600 na kwenda juu, mchukulie 35mm f/1.8G ileile niliyomtajia kijana wa Area C. Zikiwa nyingi ni 55 na zote ni ndege wa mwembeni, basi huyo mtoto ndiye peke yake mwezi huu mwenye haki ya kuniuliza habari ya kuvuta, aniandikie.

Na kabla hujalipa, mama, muulize muuzaji kama atakubali kuibadilisha isipokubali kwenye kamera. Akubali kwa maandishi, kwenye risiti.