Chupa imeandikwa 36%, nafikaje 0.1 M?

Swali: Habari mkuu, naandaa praktiko ya titresheni ya form four, nataka lita 1 ya HCl 0.1 M na chupa niliyonayo imeandikwa 36%. Nimetumia M1V1 = M2V2 nikapata 2.8 ml, ila kwa 25 ml za Na2CO3 0.05 M bureti inaisha yote 50 ml na rangi bado ya njano. Nakosea wapi?

Jibu: Salama mwalimu. Fomula haina shida, shida ni hiyo 36 uliyoiingiza, maana ni asilimia kwa uzito sio molariti (M, yaani moli ngapi kwa lita), na fomula inataka uniti ileile pande zote mbili. Kwahiyo anza kuigeuza kwanza, angalia densiti kwenye lebo, mara nyingi ni 1.18 g kwa ml, yaani lita moja ina g 1180, humo ndani HCl yenyewe ni 36% ambayo ni g 424.8, gawanya kwa 36.5 (gramu za moli moja ya HCl) unapata kama 11.6 M. Hapo sasa ndio urudi kwenye fomula: 0.1 × 1000 ÷ 11.6 = 8.6 ml. Kwa ile 2.8 yako asidi ilitoka 0.032 M tu, ungehitaji karibu 77 ml kumaliza hiyo Na2CO3, bureti isingetosha.

Alafu hiyo 1000 ni ujazo wa mwisho, sio maji ya kuongeza, hapa wengi wanateleza. Weka maji kama nusu ya chupa ya volumetriki, mimina asidi ndani ya maji, na tafadhali sana usigeuze, inachemka na kuruka usoni hasa ukija kwenye H2SO4. Tikisa, iache ipoe, ndio ujazie mpaka kwenye alama. Pima kwa pipeti yenye mpira, usivute kwa mdomo, na fungua madirisha, moshi wake unaunguza koo.

Hata hiyo 36% usiiamini sana, chupa ikifunguliwa mara kwa mara gesi inatoka na asidi inapungua nguvu. Kabla wanafunzi hawajaingia ijaribu kwa Na2CO3 isiyo na maji, g 5.3 kwa lita ndio 0.05 M: 25 ml zake zikiisha kwa 25 ml ya asidi uko sawa, zikiisha kwa 26 basi asidi yako ni 0.1 × 25 ÷ 26 = 0.096 M, andika hiyohiyo 0.096 kwenye lebo na uitumie kusahihishia.