Giga 100 inapita, giga 400 inakataa: tatizo si lazima liwe faiba

Mkuu, umeuliza kwa nini njia iliyobeba giga 100 (gigabiti 100 za data kwa sekunde) miaka yote inatema makosa ya data tangu mlipofunga kadi za giga 400, na kama kweli faiba imechakaa kama bosi wako anavyodai. Msichimbe mtaro mpya kwanza. Yalinikuta haya haya kwenye njia ya Dar hadi Morogoro, kilomita 190 na ushei, amplifaya, yaani kifaa cha kukuza nuru njiani, ikiwa Chalinze.

Kwenye giga 100 mpokeaji anatofautisha hali nne tu za wimbi la nuru. Giga 400 ya kwetu ina hali 16 zilizobanana, tena zinatumwa kwa kasi karibu maradufu. Kelele kidogo tu, hali moja inasomwa kuwa jirani yake. Hapo unahitaji uwiano wa nuru kwa kelele uwe juu kwa takriban dB 10 (desibeli) kuliko mwanzo, yaani mara kumi! Mtawanyiko wa rangi (sehemu za nuru kusafiri kwa kasi tofauti na kufika zimeachana) uliotutesa enzi za giga 10 na 40 siku hizi hauna kesi, chipu ya mpokeaji inaukokotoa na kuufuta.

Tulikosea pale tulipopandisha nguvu Chalinze kwa dB 2. Makosa yakazidi. Amplifaya inakuza nuru pamoja na kelele yake, na nguvu ikipita kiasi, kioo chenyewe cha faiba hubadilika tabia, chaneli jirani (rangi za nuru zinazobeba data kwenye faiba moja) zikaanza kuvurugana.

Ndipo tukachomoa konekta moja moja na kuzitazama kwa hadubini. Kiini cha faiba kina mikromita 9 tu, na juu yake palikuwa na duara la mafuta ya kidole, limekauka. Nuru ilikuwa inaingia kwenye amplifaya ikiwa na upungufu wa dB 4. Ikishaingia dhaifu, kelele inayoongezwa pale haitoki tena hadi mwisho wa safari. Giga 100 ilikuwa na akiba ya kuuficha uchafu ule. Giga 400 haina. Tulisafisha, tukatazama tena, tukarudisha nguvu ya awali. Usiku ule ule makosa yakashuka.

Angalia pia vichujio vyenu vinavyopitisha kila chaneli. Kama ni vya upana wa GHz 50, chaneli ya aina hii inakatwa kingo. Yetu ilihitaji 75.

Weka hapa vipimo vya nguvu inayoingia kila amplifaya, pamoja na vile vya siku mliyokabidhiwa njia, tuvilinganishe.