Maswali yenu ya nahau: khafdhi au jarri, kesi ya nyigu, na amidi anayefunga mjadala

Wiki hii mmeniletea maswali ya Kiarabu mpaka nimefurahi, ngoja nijibu manne.

Ustadhi, madrasa tulisoma Ajurumiya, kile kitabu kidogo cha nahau, tukafundishwa "khafdhi", nimefika chuo mhadhiri anasema "jarri" na wenzangu wakanicheka. Nani kakosea?

Hakuna aliyekosea mwanangu, wamekucheka bure. Yote mawili ni majina ya hali moja ya nomino, ile ambayo alama yake ya msingi ni kasra (i) mwishoni. Jarri ni neno la watu wa Basra, khafdhi la watu wa Kufa, miji miwili ya Iraki yenye shule za nahau, na Ibn Ajurrum, mwandishi wa Ajurumiya, mtu wa Fas kule Moroko aliyefariki 1323, alipenda istilahi za Kufa. Hata pale anaposema fiili ya amri (kitenzi cha kuamrisha) ni majzumu (mwisho wake umekatwa kwa sababu ya neno jingine) siku zote, hiyo ni kauli ya Kufa, maana Basra wanasema ni mabni (mwisho wake haubadiliki). Kwa hiyo kwenye mtihani usiandike tu "majzumu" ukaishia hapo, andika "kwa kauli ya Kufa", utakuwa umejilinda. Al-Anbari alikusanya masuala 121 ya mivutano hiyo kwenye kitabu chake Al-Insaf, sasa utaona jinsi wakubwa walivyokuwa wanatofautiana na bado wanaitana maulamaa.

Ni kweli Sibawayhi alishindwa mjadala kwa sababu ya nyigu?

Ndiyo, ni kile kisa cha mabingwa wawili wa nahau, Sibawayhi wa Basra na Al-Kisai wa Kufa, kinachoitwa Mas'ala ya Zunburiya (zunbur ni nyigu), Baghdad, kwenye baraza la waziri Yahya bin Khalid al-Barmaki. Sentensi yenyewe ni kama hivi: nilikuwa nadhani nge anauma kuliko nyigu, kumbe ni yule yule. Sibawayhi akasema ni "fa-idha huwa hiya" basi, Al-Kisai akasema hata "fa-idha huwa iyyaha" inafaa. "Hiya" ni umbo la hali ya dhuma (u), "iyyaha" la hali ya fataha (a). Wakaitwa mabedui waliokuwa mlangoni waamue, wakampa Al-Kisai, na wapokezi wengine wanasema walilipwa au waliogopa cheo chake maana yeye ndiye alikuwa mwalimu wa watoto wa khalifa Harun. Mimi niko na Sibawayhi, na ushahidi wangu ni Qur'ani, sura ya Twaha aya ya 20, "fa-idha hiya hayyatun tas'aa", hayyatun imekuja na dhuma, haikuja na fataha. Inaniuma kila nikisoma kisa hiki, yaani mtu ana hoja safi halafu anaondoka Baghdad kama aliyeshindwa, akarudi Uajemi na akafa bado kijana, lakini kitabu chake ndicho wote tunachokirudia mpaka leo.

Amidi wetu wa kitivo hataki tasnifu yoyote inayopinga maoni yake ya irabu (mabadiliko ya mwisho wa neno la Kiarabu). Ana haki?

Hana. Amidi ana haki ya kuuliza ushahidi uko wapi, lakini jibu hawezi kukuamulia. Angalia Cairo, mwaka 1937 Ibrahim Mustafa alitoa kitabu Ihya' al-Nahw (Kuhuisha Nahau) akasema dhuma ni alama ya isnadi (kuhusisha habari na mtajwa), kasra ni alama ya idhafa (kuunganisha neno na jingine, kama umiliki), na fataha siyo alama ya irabu kabisa, ni sauti nyepesi tu ambayo Waarabu wanaikimbilia. Hilo lilitikisa kila kitu! Taha Hussein, amidi wa Kitivo cha Adabu (sanaa na fasihi) wakati huo, akamwandikia utangulizi, na mwaka huohuo Muhammad Arafa wa Azhar akaandika kitabu kizima cha kumpinga, na hakuna aliyemziba mwenzake mdomo. Mimi kwenye fataha sikubaliani na Ibrahim Mustafa, maana hal (neno linaloeleza hali ya mtendaji au mtendwa) na tamyizi (neno linalofafanua kisichobainika) zina maana zake na fataha ndiyo inayotuonyesha, ila namshukuru aliyemwachia aseme. Na Taha mwenyewe alijua uchungu wa kubanwa, 1932 serikali ilimtoa kwenye uamidi na mkuu wa chuo, Ahmad Lutfi al-Sayyid, akajiuzulu kwa ajili yake. Kiongozi wa kitivo ni wa namna hiyo. Wewe peleka sura yako ya kwanza ikiwa na shawahidi, yaani ushahidi wa mashairi na aya, omba msimamizi wa pili, na muombe amidi ajibu kwa maandishi.

Irabu ya Kiswahili na ya Kiarabu ni kitu kimoja?

Neno ni moja, kazi mbili. Kwetu irabu ni a, e, i, o, u, kwa Kiarabu ni kubadilika kwa mwisho wa neno kufuatana na amili, yaani neno linaloliathiri. Nahau na sarufi nazo zimetoka hukohuko, nahw na sarf, na hata "amidi" ni mzizi mmoja na "umda", ile nguzo ambayo sentensi haisimami bila yake.