Mkuu, kloni (toa kopi) kwanza kabla hujakwantaizi hizo nota za ngoma

Mkuu wa Masasi, hebu toa mkono kwenye mausi kwanza!! Umesema umemrekodi dogo anapiga ngoma kwenye pedi (vile vitufe vya kugonga vya kompyuta), nota zimekaa nje ya mistari ya gridi, unataka uzichague zote uzikwantaizi asilimia 100, yaani mashine izivute zikae kwenye mistari, na velositi (nguvu ya kila pigo) zote ziwe sawa. USIFANYE. Mimi nilifanya hivyo hivyo hapa Mtwara mjini na mpaka leo roho inaniuma.

Nilimpata babu mmoja wa Newala, fundi wa sindimba, ngoma ya Wamakonde, alikuja kwa mwanae msimu wa korosho. Nikampa pedi, mwanzo akawa anazigusa kwa woga, baada ya nusu saa anazipiga kama vinganga (ngoma) vyake mwenyewe. Kikundi cha ngoma kilishanipa advansi. Usiku nafungua piano rolo (ukurasa wa kuona na kuhariri nota) kwenye FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, naona nota zimetawanyika, nikakumbuka jamaa aliyenifundisha studio, kila siku anasema nota isiyokaa kwenye gridi ni kosa, basi nikabonyeza Ctrl+A kuzichagua zote, Ctrl+Q kuzikwantaizi, velositi zote 100, nikasevu juu ya faili lile lile nikazima mashine nikalala.

Asubuhi naplei, ngoma imekufa. Utadhani mtu anabisha hodi.

Kumbe babu alikuwa anaigawa biti (pigo moja la msingi) mara tatu na gridi yangu inaigawa mara nne. FL kwa kawaida inakata biti moja vipande 96. Ukigawa kwa tatu nota zinaangukia 0, 32 na 64, ukigawa kwa nne mistari iko 0, 24, 48 na 72, kwa hiyo nota ya 32 ikavutwa kwenda 24 na ya 64 ikasukumwa kwenda 72. Ni vipande 8 tu, kwenye tempo 120 (biti 120 kwa dakika) haifiki hata milisekunde 50, lakini kiuno cha mcheza sindimba kinasubiri hapo hapo. Na velositi ndio nguvu ya mkono, mwisho wake 127, zile pigo ndogo za 30 na 40 alizokuwa ananong'ona katikati ya pigo kubwa nikazipandisha zote zikawa kelele. Undo nayo ukishafunga programu imeondoka.

Babu kesharudi Newala. Mwenyekiti wa kikundi akasikiliza kidogo, akavua hedifoni, akaniambia "mwanangu, hii siyo ngoma yetu." Advansi nikarudisha yote.

Yule mwalimu namlaumu kabisa, alichukua ada zetu miezi mitatu na hakuwahi kutuambia kuna gridi ya kugawa biti mara tatu, wala kwamba ngoma za kwetu huku hazikupigwa kwa mistari ya mashine, anafundisha kama vile watu wote duniani wanapiga biti moja!

Kwa hiyo wewe, menyu ya patani (kile kipande chenye nota zako), kloni, ya kwanza ipe jina ORIJINO usiiguse tena maisha. Kwenye kopi weka snapu (ukubwa wa gridi) 1/3 ya biti, kwantaizi, usikilize, ukiona bado sogeza kwa mkono zile mbili tatu zinazokera sikio, jicho liache. Velositi usiziguse.

Umesema unaanza leo jioni. Umeshakloni? Nijibu hapa kabla hujafungua hiyo piano rolo.