Jibu: Diski inayodai nenosiri hata ikihamishiwa kompyuta nyingine

Habari za jioni, ndugu yetu wa Makambako. Umeeleza kwamba diski ya kompyuta mpakato uliyoinunua ikiwa imetumika inadai nenosiri kabla Windows haijawaka, na kwamba kutoa betri ndogo ya ubao mama hakukusaidia kitu.

Hakungeweza kusaidia, kwa sababu nenosiri la aina hiyo huhifadhiwa ndani ya diski yenyewe, na ndiyo maana inakataa kusomwa au hata kufomatiwa popote unapoichomeka. Kwanza hakikisha si BitLocker, yaani kinga ya Windows inayosimba data za diski, ambayo huweza kuomba ufunguo wa urejeshaji wa tarakimu 48. Kisha washa kompyuta kwa Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, andika amri ya kukagua diski, hdparm -I, pamoja na jina la diski, na usome sehemu ya usalama: kiwango kikiwa «high», nenosiri kuu (master password), yaani la pili la akiba mbali na lile la mtumiaji, linaweza kuifungua, lakini kikiwa «maximum», nenosiri hilo huruhusu kufuta kila kitu tu. Usibahatishe hovyo, maana ukikosea mara tano diski hugoma mpaka uizime na kuiwasha upya.

Hapa Mwanjelwa niliwahi kuletewa diski ya namna hiyo na mwalimu wa Tukuyu, ikiwa imeviringishwa kwenye kipande cha khanga. Nenosiri tulilikuta nyuma ya kalenda yake ya ukutani. Kwa hiyo mimi ningeanza kwa muuzaji. Akikwepa kukupa nenosiri na risiti, mrudishie mzigo wake, kwani huenda ni wa wizi.