Triga nzito: abadilishe mwenyewe au ampe fundi?

SUALI: Assalaam alaykum bwana fundi. Mie n'na kiduka cha kutengeneza vyerehani na saa hapa Mwanakwerekwe. Kaka yangu yuko Ohio, Marekani, na kule ana bastola mbili za kihalali anaenda nazo renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, wikiendi, moja Glock 17 na nyengine ile ya mtindo wa kizamani, 1911. Analalamika triga nzito, kila akipiga risasi zinakwenda kushoto chini. Fundi bunduki wa kule kamtajia bei kaona anaibiwa, sasa anataka azilainishe mwenyewe na mie nimuelekeze kwa video koli, ati kwa vile mkono wangu mwepesi. Nimsaidie au nimwambie alipe tu?

JIBU: Waalaykum salaam. Hizo bastola mbili usizitie kapu moja, hapo ndo wengi wanapokwama, wanasema triga triga tu kama vile mle ndani zote sawa.

Glock ni ya kubadilisha vipande. Triga yake ya kiwandani inataka kama kilo mbili na nusu za kuvuta, na kuna kipande kidogo cha bati wanakiita konekta, ukitia cha pembe nyengine inakuwa nyepesi kidogo. Kazi yenyewe ni kugonga pini mbili tatu zitoke, kuchomoa, kuchomeka, basi, hakuna tupa wala msasa. Mtu mtulivu anayefuata maelekezo ya mwenye kuuza kipande anaiweza mezani kwake, na wewe uliyezoea kufungua saa utaielewa mara moja. Hiyo afanye mwenyewe, kumlipa fundi hapo kweli ni kupoteza pesa.

Ila 1911 nakwambia asiiguse. Ile alibuni John Browning, jeshi la Marekani likaichukua mwaka huo huo wa 1911, na mle ndani nyundo inashikiliwa na kijichuma wanakiita sia, kinakaa kwenye kijino cha nyundo chenye urefu wa nusu milimita hivi. Nusu milimita! Ulaini wote wa triga unatoka pale wanapogusana hao wawili, kwa hiyo kulainisha maana yake ni kusugua pale pale kwa jiwe, kwenye kishikizo maalumu kinachoshika pembe isipotee. Ukisugua kwa mkono pembe inakwenda upande, na vipande vyengine ugumu wake uko juu tu kama ganda, ukilipita ganda unakuta chuma laini kinacholika. Siku ya kwanza triga tamu kama halua, baada ya risasi mia kadhaa slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele kila ukipiga, ikirudi nyundo inaifuata, au unavuta mara moja zinatoka mbili. Na ikitoka ya pili mtutu ushanyanyuka, inakwenda itakako.

Sasa wewe kwenye video koli utaona nini hapo? Kusikia kwa kidole huwezi, kuona pembe huwezi. Fundi halipwi kwa kusugua tu, analipwa kwa kile kishikizo, kwa geji ya kupimia uzito, na kwa kuijaribu mwenyewe kabla hajamrejeshea. Pia hata hao wenye viwanda hili linawashinda mara nyengine, mwaka 2017 kiwanda cha SIG Sauer waliwaita wenye bastola zao za P320 wazirejeshe zikarekebishwe bure baada ya kuonekana ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka yenyewe, na kimojawapo walichobadilisha ni triga, wakatia nyepesi zaidi kwa uzani. Sasa huyo mwenye tupa jikoni...

Kwenye Glock asiende kukata springi ipungue nguvu, ile ya pini ya kupigia ikiwa dhaifu haigongi fataki sawasawa, unavuta inasema tik halafu kimya. Akishafunga akague bastola ikiwa tupu, bila risasi ndani: avute, aishike triga nyuma, avute slaidi, aachie pole pole asikie inarudi mahala pake. Renji mara ya kwanza atie risasi mbili tu kwenye magazini, ikitaka kutoka mbili kwa mpigo basi ziwe hizo hizo.

Na hiyo kushoto chini, kama anatumia mkono wa kulia, mara nyingi ni kidole kinachosukuma na mkono unaojikaza kabla ya mlio, wala si triga. Avute bastola tupu nyumbani kila jioni kidogo kidogo, kwanza hakikisha chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, iko tupu na risasi ziko chumba chengine, kisha ndo aone kama bado anataka kutoa dola zake.

SUALI: Na kama asisugue kwa jiwe, apitishe Brasso tu kama tunavyong'arisha misumari ya milango? (Huyo huyo, kanirejea kwa sauti WhatsApp.)

JIBU: Kwenye Glock wapo wanaofanya hivyo na kweli mkwaruzo unapungua kidogo, maana Brasso inang'arisha zaidi kuliko inavyokula. Asugue ubapa wa kipande tu, kona asiziguse, na aisafishe iishe kabisa kabla ya kutia mafuta. Kona zikishakuwa duara kipande hicho cha kutupa, anunue kipya. Kwa 1911 jibu ni lile lile, apeleke.